Akiba Huozea Sakafuni

Methali isemayo kwamba akiba haiozi hufundishwa katika shule zetu zote, na aghalabu mwalimu huifafanua kwa mfano wa fedha zilizowekwa benki. Lakini mkulima wa Kitale au wa Bungoma, ambaye akiba yake si noti bali ni magunia ya mahindi, anafahamu fika kwamba akiba huoza. Anafahamu pia kwamba mara nyingi uozo huanzia chini, pale gunia la mwisho linapokutana na sakafu. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba sakafu ya ghala, ambayo wengi wetu huipa nafasi ya mwisho katika fikira na katika matumizi ya fedha, ina sauti kubwa katika kuamua iwapo jasho la mwaka mzima litaliwa, litauzwa au litatupwa.

Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, pamoja na jirani yake Bungoma, zimo katika eneo ambalo Wakenya huliita ghala la taifa. Ni Kitale ndiko Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilikoanzishwa mwaka 1956, na mahindi chotara yaliyotoka huko yakabadilisha kilimo cha nchi nzima. Mavuno ya eneo hili huja kati ya Oktoba na Desemba. Wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo bei huwa duni. Mwenye uwezo wa kungoja hadi Mei au Juni ndiye afaidiye. Hata hivyo, kati ya Desemba na Juni kuna mvua ndefu zinazoanza Machi, na hapo ndipo sakafu hutahiniwa. Asiye na sakafu ya kuaminika hana hiari. Humuuzia mchuuzi wa kwanza anayebisha hodi, kisha Juni hununua unga kwa bei ya juu.

Wazee wetu walilitambua jambo hili. Ghala lao lilisukwa kwa fito, likaezekwa kwa nyasi, na juu ya yote likainuliwa kwa nguzo au mawe ili hewa ipite chini yake. Lugha nayo ilihifadhi maarifa hayo. Kiswahili kina neno uchaga, yaani jukwaa la kuwekea nafaka, na kina kichanja, ambacho nacho ni jukwaa lililoinuliwa. Hata neno sakafu lina historia ya kutufunza. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ni dari au paa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, sakafu ya orofani ni sehemu ya paa la chumba cha chini. Hivyo basi neno hili lilianza safari yake likiwa juu, hewa ikiwa chini yake. Sisi tumelishusha hadi udongoni, na pamoja nalo tumeshusha magunia yetu.

Siku hizi ghala la fito linatoweka. Mbao na fito ni adimu, wezi ni wengi, na mkulima huona ni salama zaidi kulaza mahindi katika chumba cha nyumba yake chenye sakafu ya saruji. Simlaumu kwa kuogopa wezi. Nisemalo ni kwamba saruji imetuvika imani isiyo na msingi. Zege huonekana gumu na kavu, lakini ndani limejaa vinyweleo, na maji ya ardhini hupanda kupitia vinyweleo hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Kuna na adui wa pili. Usiku wa Kitale, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, ni wa baridi, na sakafu iliyolala juu ya ardhi hubaki baridi kuliko mahindi yenyewe. Mvuke uliomo katika magunia hukimbilia kwenye baridi na kugeuka maji huko huko. Kwa hiyo hata sakafu isiyopitisha tone moja kutoka ardhini yaweza kulilowesha gunia lililolazwa juu yake.

Tofauti hii inafaa kuzingatiwa. Huko Ufaransa, watunza mvinyo huchimba vyumba vya chini ya ardhi kwa sababu wanautaka ubaridi usiobadilika, na unyevu kiasi hauwadhuru, maana huzuia vizibo vya chupa visikauke. Mahindi nayo hupenda ubaridi, lakini unyevu ndio mauti yake. Anayejenga ghala la nafaka hana budi kukinga vitu viwili kwa pamoja: maji yasipande, na baridi ya ardhi isiguse gunia.

Namna ya kufanya hivyo si siri, na fundi yeyote wa Kimilili au Kiminini anaweza kuifuata. Kwanza huondolewa udongo wa juu wenye mizizi. Kisha hupangwa mawe makubwa na kushindiliwa, kwa kuwa nafasi zilizo kati ya mawe hukata njia ya maji yanayopanda. Juu yake hutandazwa mchanga ili ncha za mawe zisitoboe karatasi ya nailoni itakayofuata, ambayo unene wake usipungue robo ya milimita. Karatasi hiyo ipande ukutani pande zote. Ikiishia katikati ya chumba, maji yatazunguka na kupanda kandokando. Ndipo humwagwa zege la saruji, mchanga na kokoto kwa kipimo cha 1:2:4, unene wa sentimita 10. Sakafu iwe juu kuliko uwanja wa nje kwa sentimita 30 au zaidi. Zege jipya nalo lina maji mengi ndani yake, kwa hiyo wiki kadhaa zipite kabla ya gunia la kwanza kuingia. Hatimaye viwekwe vichanja vya mbao, na magunia yapangwe juu yake, mbali na ukuta. Hewa iliyo chini ya kichanja ndiyo blanketi la mahindi. Karatasi ya nailoni huzuia maji, kichanja huzuia baridi. Kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake.

Wala sakafu haiponyi mahindi yaliyoingia yakiwa mabichi. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 lina zaidi ya kilo 16 za maji, na ili lifikie kipimo cha Bodi ni lazima lipoteze karibu kilo 5. Mwalimu wa hisabati ana mfano mwema hapo.

Kama kuna anayedhani kwamba nazungumzia hasara ya fedha tu, akumbuke mwaka 2004. Katika wilaya za Makueni na Kitui na majirani zake, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao wakafariki. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulibaini kwamba jamaa zilizoweka mahindi ndani ya nyumba, badala ya ghalani, zilikuwa katika hatari kubwa zaidi. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiuawi na moto wa jikoni. Nyanda zetu za juu ni baridi kuliko Ukambani, lakini zina kuvu wa aina nyingine wenye sumu zao. Hakuna aliye salama kwa sababu ya mwinuko.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Shule za bweni huhifadhi mahindi mengi kuliko jamaa nyingi, na wanaoyala ni watoto wa wenzetu. Nimeona ghala za shule ambamo magunia yamelazwa juu ya saruji tupu, yameegemezwa ukutani, ilhali vichanja vilivyopaswa kuyainua vimekwisha kuwa kuni. Wanafunzi wenyewe wanaweza kufanya uchunguzi. Wachukue kipande cha nailoni safi cha mita moja mraba, wakibandike sakafuni kwa kuziba kingo zote, wakiache usiku kucha. Asubuhi wakikuta matone upande wa chini, wamepata jibu. Kwa mahindi, watie punje na chumvi kavu ndani ya chupa iliyo kavu, waitikise kwa dakika chache; chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka.

Ninasisitiza pia kwamba mambo haya yasemwe kwa Kiswahili. Somo la kilimo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali baba, fundi na mtunza ghala hupatana bei na kuelekezana kwa Kiswahili au kwa lugha zao za nyumbani. Mwanafunzi akipata alama zote katika mtihani kisha asiweze kumweleza baba yake kwa nini karatasi ipande ukutani, elimu hiyo imekwama njiani. Maneno tunayo: uchaga, kichanja, kinyweleo, unyevu, sumukuvu. Yafaa yatoke kamusini, yaingie ghalani.

Mavuno yajayo yatatukuta na sakafu tulizo nazo. Kila mwalimu mkuu aingie ghala la shule yake kabla ya mvua za Machi, ainue gunia la chini kabisa, na alitazame upande uliolala.