Tunamchagua nani?

Mzunguko wa akiba unakaribia kuisha na vikundi vingi vitachagua komite mpya. Mara nyingi tunamchagua mama anayesema sana. Hata darasani kwangu, watoto humtaka yule mwenye sauti kubwa awe kapita.

Mwaka 2002, huko Marekani, Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya tabia na uongozi. Waliona kwamba mtu mchangamfu huonekana upesi kuwa kiongozi. Ila kuonekana kiongozi na kuongoza vizuri ni mambo mawili, na uchangamfu ulisaidia zaidi lile la kwanza.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mama wake. Mmoja asipofika, hakuna mkopo siku hiyo, na mtoto wa mtu anarudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. Basi kabla ya kura tuulizane: nani hufika kwa saa? Nani hukubali kusahihishwa mbele ya wote daftari likikosea? Pengine ni yule anayekaa nyuma akinyonyesha. Mwenyewe hatajitaja, jina lake litolewe na mwenzake.