Malaika ana baba wangapi?

Wimbo wa "Malaika" hukufundishwa na mtu, uliukuta ukiimbwa. Huenda uliusikia katika redio ya mzee wako, huenda ukumbini mjini Kahama, au kwa kwaya ya shule ambayo mwalimu wake naye aliusikia kwa mwingine. Ni nyimbo chache za Kiswahili zilizosafiri mbali kama huu, na ni chache zaidi zilizogombewa kama huu. Wiki hii nakuomba tufuatane katika safari yake, maana inawahusu hasa vijana wetu wa Shinyanga na Geita wanaotunga nyimbo usiku na kuzipeleka studio asubuhi.

Kisa cha wimbo ni kifupi. Kijana anampenda msichana, lakini hana mali ya kumwoa. Basi. Msukuma hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Kwetu mahari imezoeleka kuhesabiwa kwa ng'ombe, na kijana asiye na zizi hutafuta pa kulipata: zamani wengine walikwenda kwenye almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Williamson mwaka 1940, au kwenye dhahabu ya Geita, katika ule mgodi wa kikoloni uliofungwa mwaka 1966. (Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Lakini nani atamsomea baba mkwe sheria?)

Sasa, kijana huyo wa wimboni ni nani? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Wako wanaosema kuwa mtunzi ni Adam Salim, mtu wa Tanganyika aliyeishi Kenya kwa muda. Mwenyewe alidai kwamba aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake walimkataa yeye wakamwoza mtu mwingine. Wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Lakini jina lililoenea duniani ni la Fadhili William, Mtaita wa Kenya, aliyeurekodi Nairobi na bendi yake ya Jambo Boys karibu na mwaka 1960, kisha akaurekodi tena katika studio za Equator Sound, zilizokuwa chini ya Mwingereza Charles Worrod. Fadhili alishikilia hadi kifo chake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake.

Msomaji, tazama vizuri jambo lililotendeka hapo. Wimbo unaoimbwa mdomo kwa mdomo ni kama kisima cha kijiji, kila mtu huchota wala haulizwi. Siku unapoingia katika santuri mambo hubadilika, kwa kuwa santuri huwa na karatasi katikati, na karatasi hiyo huwa na nafasi ya jina la mtunzi. Jina litakaloandikwa pale ndilo litakalofuatwa na fedha, wimbo ukipigwa Nairobi au New York. Simhukumu Fadhili William. Sauti yake ni tamu, na bila yeye huenda wimbo ungeishia pwani. Nasema tu kwamba anayedai baada ya santuri kutoka ana kazi kubwa kuliko aliyetangulia kuandikwa.

Baada ya hapo wimbo ulipata mabawa. Miriam Makeba, mwana wa Afrika Kusini aliyenyang'anywa pasipoti na makaburu, na ambaye Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompa pasipoti nyingine, aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ukafika Sweden, mikononi mwa vijana wa muziki wa roki walioitwa Hep Stars. Mpiga kinanda wao, Benny Andersson, ndiye ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la ABBA. Mwaka 1981 Boney M wa Ujerumani wakautia mdundo wa disko. Kwa maoni yangu huko ndiko ulikoumizwa zaidi. Mtu asiye na mahari hachezi disko, hukaa chini akanung'unika. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akaurudisha kwenye utulivu wake.

Liko jambo moja ambalo wasiojua Kiswahili hawawezi kulisikia. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wimbo ulitungwa kwa kinywa cha mwanamume, na Makeba na Kidjo hawakukigeuza kitenzi kile. Kwa hiyo walipokuwa wakiimba jukwaani, mwanamke ndiye aliyekuwa akiahidi kuoa na kulia kwamba mali imemshinda. Wazungu walishangilia. Mswahili aliyekuwapo huenda alicheka kidogo, kisha akanyamaza, maana ubaya wa umaskini wa mapenzi hauchagui jinsia.

Turudi kwa vijana wetu. Tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na iko ofisi ya COSOTA inayosajili kazi za sanaa. Haki ya mtunzi huanza pale anapotunga, lakini usajili ni ushahidi siku ya ugomvi. Wewe uliyetunga wimbo huko Katoro au Kishapu, kabla hujampa mwenye studio, uandike, uweke tarehe, uweke jina lako kamili, na umtaje kwa jina rafiki aliyekusaidia ubeti mmoja. Usione haya, naye asione umemdharau.

Na Jumamosi ijayo, ukialikwa arusini, tega sikio. Bwana arusi amekwisha kumaliza ng'ombe wote wa mkwewe, ameketi mbele na suti yake, na bendi inampigia wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa. Watu wote wanaimba, na mkwe naye anaimba.