Swichi Haitoshi

Wako wasemao kwamba motokaa ya zamani ikisha kufungwa swichi ya kukata umeme wa betri, haidai kitu tena. Mimi sikubaliani nao.

Swichi ni jambo jema, na ningependa Land Rover kuukuu ya shule yetu ifungwe moja kabla ya likizo, maana ndiyo ipelekayo wagonjwa hospitali usiku. (Kuisukuma tumezoea, lakini mgonjwa hangoji.) Waya za magari ya miaka ya 1950 na 1960 zimechakaa maganda, zikigusana gari likiwa limelala, moto huweza kuzuka. Swichi ikizimwa, umeme hauna njia.

Lakini betri ya risasi na tindikali hupungua nguvu yenyewe, hata isipounganishwa na kitu. Ikijaa hupima volti 12.6 hivi; ikishuka hadi 12 ni kama imekwisha, na ikiachwa hivyo majuma mengi, sahani zake hufunga chumvi ngumu na betri hufa. Basi lazima ichajiwe, na iongezwe maji ya betri, si ya bomba.

Swichi ifungwe kwenye waya uendao kwenye bodi. Fundi asome alama kwanza: Land Rover nyingi za mwanzo wa miaka ya 1960 zilitengenezwa upande wa chanya ukiwa ndio umefungwa kwenye bodi, si hasi. Wala swichi isizimwe injini ikiunguruma.

Likizo hii sisi tukaao karibu na shule twaweza kuja kuichaji kila mwezi, tukiachiwa ufunguo wa gereji.