Chama cha kuzikana tunacho, cha kuzima moto kiko wapi?



Ndugu Waislamu, misikiti yetu mingi ya vijijini ina chama cha kuzikana. Jeneza lipo, majembe na sururu zipo, sanda haikosi, na msiba ukitokea usiku wa manane vijana wa kuamshwa wanajulikana. Hilo ni jema, nalo ni fardhi kifaya: wakilitekeleza baadhi, dhima imewatoka wote, wakiliacha wote, wote wamepata dhambi. Lakini nyumba ikishika moto katika kijiji hicho hicho, hakuna ajuaye nani ashike nini. Watu hukimbia na masufuria, wengine wakipiga mayowe, na paa la makuti halisubiri.

Sisi tunaona kuwa kumwokoa aliye hai ni wajibu usiopungua ule wa kumzika maiti. Mafakihi wamesema kuwa mwenye kuswali akimwona mtu anaungua au anazama, naye ana uwezo wa kumwokoa, ni lazima aikate swala yake. Fikirini: swala yenyewe inakatwa! Sasa atakayeikata akafika pale bila kujua la kufanya, ataokoa nini?

Mtume (S.A.W.) alipopewa habari ya nyumba iliyoungua Madina usiku na watu wake wamo ndani, aliwaeleza masahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapolala. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Nasi tumeyaona ya kwetu. Septemba 14, 2020, watoto 10 walifariki kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Tuwaombee wao na wazazi wao.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba ya dharura, 114, na hiyo ipigwe kwanza. Ila gari hutoka mjini, na barabara zetu za masika tunazijua. Mpaka lifike, zimamoto ni jirani. Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipowaka, mamia ya watu wa kujitolea walipanda kusaidia kuuzima.

Kujitolea huko si ushujaa wa kujitosa motoni, kwani moshi huua wengi kabla ya ndimi za moto kuwafikia. Ni elimu. Mafuta yakiwaka hufunikwa au humwagiwa mchanga, kamwe si maji. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu kabla ya ndoo ya kwanza. Moto wa nyika hufyekewa njia mbele yake. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno. Na pengine kazi kubwa kuliko zote ni kuwazuia watu: Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na waliokufa walizidi 100.

Jambo moja tungependa wazee wa misikiti walitafakari. Mchana wanaume wako shambani au baharini. Waliobaki nyumbani ni kina mama na mabinti, na moto mwingi huanzia jikoni. Chama kitakachoandikisha wanaume peke yao hakitakuwepo saa kitakapohitajika. Darsa la kina mama la alasiri litengewe siku moja ya ndoo na mchanga, na barua ya kuomba mkufunzi ipelekwe ofisi ya zimamoto iliyo karibu kabla ya kiangazi kukausha majani.