Konfleksi ghali, mahindi ya senti tano

MKULIMA akisikia boksi la konfleksi limepanda bei, anaweza kudhani kuna mwenzake huko Marekani anayechekelea. Hesabu zinasema vingine. Mwaka 2008 wachumi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichambua boksi la gramu 510 na kukuta limetumia mahindi ya gramu 366 hivi. Kwa bei ya wastani ya mwaka 2007, dola 3.40 kwa busheli, ambayo ni kama kilo 25, mahindi hayo yalikuwa na thamani ya senti 4.9. Kwa wastani wa miaka 20, yaani dola 2.28, ni senti 3.3. Bei ya shambani ilizidi wastani kwa karibu nusu, boksi likaongezeka gharama ya senti moja na nusu tu.

Fedha iliyobaki inalipia kiwanda, usafiri, duka na, sehemu nono, jina. Kampuni ya Kellogg ilianzishwa 1906, na kufikia 1909 ilikwishaanza kumpa kijitabu cha picha za wanyama kila aliyenunua paketi mbili.

Lakini kioja ni cha Quaker Oats. Mwaka 1955 iliweka ndani ya maboksi yake hati ya ardhi: inchi moja ya mraba huko Yukon, Canada! Hati milioni 21 zilichapwa kwa shamba la ekari 19 hivi. Hazikusajiliwa popote, na mwaka 1965 serikali ikalitwaa shamba kwa deni la kodi la dola 37.20. Watoto walizigombania hati hizo, ingawa nafaka ndani ya boksi ilikuwa ileile.

Malt-O-Meal ya Minnesota ilipita njia nyingine: nafaka zinazofanana na za wakubwa, ndani ya mfuko wa plastiki, bila boksi na karibu bila matangazo. Maduka makubwa nayo yakauza kwa majina yao yenyewe. Walaji walihama hadi Aprili 1996 kampuni ya Post ikapunguza bei kwa asilimia 20 hivi, na Kellogg ikafuata Juni. Kumbuka kwamba mwaka huohuo mahindi Marekani yalifikia bei ya rekodi kwa wakati ule. Kilichoshuka basi ni bei ya jina.

Mwaka 2015 Post iliinunua kampuni hiyo ya mifuko, wakati huo ikiitwa MOM Brands, kwa dola bilioni 1.15.

Mkulima hakuambulia kitu katika vita hivyo, maana boksi na mfuko vyote hununua mahindi kwa bei ileile ya soko. Nafasi ninayoiona ni ya msindikaji mdogo, mathalani kina mama wanaosaga unga wa lishe hapa kwetu. Mwenye mtaji mdogo asihangaike na zawadi wala vibandiko vya rangi. Anunue kwanza mizani ya kuaminika, afuatilie alama ya ubora ya TBS, na mfuko wa leo uwe na ladha na uzito uleule wa mwezi uliopita.