Daftari, Siri na Mwelekezi: Majibu kwa Madai Sita

Aliyepitia msongo wa mawazo, kiwewe cha vita au kulazwa kwa maradhi ya akili akitaka kuandika yaliyompata, mara nyingi kalamu anayo. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye, asome, aulize, na pengine amwambie: hapa ngoja kwanza. Huyo ndiye mwelekezi wa uandishi. Hapa mtaani Eastleigh, Nairobi, au Islii kama tunavyouita, akitajwa tu lawama huanza, kuanzia kwenye meza za chai za First Avenue hadi sebuleni. Nayajibu hapa madai sita yanayorudiwa zaidi. Mengine yana ukweli ndani yake, na ukweli huo sitaupita.

Dai la kwanza: Kuandika ni kuchokonoa kidonda.

Nusu yake ni kweli. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kila siku kwa siku nne. Walioandika mambo yaliyowaumiza zaidi maishani, pamoja na hisia zao, waliinuka mezani na huzuni zaidi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Miaka 20 baadaye Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hiyo, akakuta kwamba faida ipo, ila ni ndogo. Anayekuahidi kwamba daftari litakuponya anakudanganya. Anayekutisha kwamba litakumaliza hana ushahidi.

Kinachodhuru ni kulazimishwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi mtu aliyetoka tu kwenye msiba mzito aketishwe kikao kimoja na kutakiwa amwage yote. Ndiyo maana mwelekezi anayeijua kazi yake haanzi na usiku ule mbaya kuliko yote. Huanza pembeni: nyumba ilikuwa wapi, nani alikuwa akipika, ulikuwa darasa la ngapi. Huweka saa, na kabla ya kuagana humrudisha mwandishi kwenye leo: utakula nini, nani yuko nyumbani.

Dai la pili: Haya ni mambo ya Wazungu. Mwislamu ana swala na dua.

Mwaka 1095 Imamu Al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Ghafla ulimi ukagoma kufundisha, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa, wakisema chanzo kimo moyoni. Tunayajua haya kwa sababu aliyaandika mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal. Ndiye yule yule ambaye Waislamu humwita Hujjat al-Islam. Kama kuandika mtikisiko wa nafsi kungekuwa upungufu wa imani, asingebaki na cheo hicho hadi leo.

Karibu na nyumbani, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa kijitabu chake cha siasa. Akiwa katika gereza la Kamiti, ametengwa na watu, alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yalitoka kama kitabu, Sauti ya Dhiki. Dua na daftari hazijawahi kugombana.

Dai la tatu: Asiye daktari asiguse akili ya mtu.

Jibu liko Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walioishi na kiwewe. Waliowahudumia walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Kundi moja lilisimulia maisha tangu kuzaliwa, hatua kwa hatua, na masimulizi yakaandikwa. Baadaye asilimia 70 ya kundi hilo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe; kati ya waliofuatiliwa tu bila huduma, ni asilimia 37. Kundi la tatu, lililopata ushauri wa kawaida, lilifikia asilimia 65, kwa hiyo tusiseme kusimulia ndiyo njia pekee. Lakini katika kundi hilo la ushauri asilimia 21 waliacha njiani. Kati ya waliosimulia, ni asilimia 4.

Hapa Nairobi, utafiti wa mwaka 2017 uliofanyika Dagoretti kwa wanawake 421 uliwatumia wahudumu wa afya wa jamii kwa vikao vitano, na hali ya wanawake hao ikaimarika kuliko ya waliopelekwa kwa wauguzi kama kawaida.

Hata hivyo, dai hili lina onyo la kusikilizwa. Wahudumu wote hao walifunzwa na walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia. Mwelekezi wa uandishi si tabibu. Asikubadilishie dawa, asikwambie uache kwenda kliniki, na akiona unazungumzia kufa, afunge daftari akupeleke kwa wanaohusika. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, haiko mbali nasi: iko ng'ambo ya bonde la Mathare, kando ya Thika Road.

Dai la nne: Atakunyang'anya hadithi aiandike yake.

Wapo wanaofanya hivyo, na kazi yao huonekana upesi: kila mgonjwa anaongea kama tangazo la shirika. Mwelekezi mzuri huuliza tu. Chukua sentensi ambayo karibu kila mwanafunzi huileta: "Niliteseka sana." Atauliza: uliteseka saa ngapi? Ulikuwa umelala upande gani? Kulikuwa na sauti gani? Baada ya maswali, mwandishi anarudi na hii: "Adhana ya alfajiri ilinikuta macho kwa usiku wa tatu. Mama aliniwekea anjera na chai ya maziwa, akarudi akaikuta chai imefanya utando." Mwelekezi hakuongeza hata neno. Mateso sasa yanaonekana, na bado ni ya mwenyewe.

Kule Nakivale kanuni ilikuwa wazi: kilichoandikwa kilisomwa mbele ya msimuliaji kikao kilichofuata, akasahihisha, na mwishoni nakala ikawa yake. Mizizi ya utaratibu huo iko Chile ya wakati wa Pinochet, ambako wanasaikolojia waliandika ushuhuda wa walioteswa. Mwelekezi wa Islii asiyekusomea alichokiandika hana udhuru.

Dai la tano: Utaianika familia.

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na wanaolitoa si wajinga. Wanajua kwamba habari ya ugonjwa wa akili ikitoka, dada mdogo anaweza kukosa mchumba na kaka akanyimwa mkopo wa bidhaa dukani. Wanajua pia kwamba mtaani kwetu kubadilisha jina si kujificha. Ukiandika "kijana mmoja, babake ana duka la vitambaa Garissa Lodge, aliyerudishwa kutoka ng'ambo," umeshamtaja. Msomaji wa Kisumu hatamjua. Wa ghorofa ya pili atamjua kabla ya kumaliza aya.

Kuna pia hofu ya pili, ambayo wageni huisahau. Wengi Islii wamewahi kusimulia maisha yao mbele ya ofisa mwenye faili. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, watu walichukuliwa kwa maelfu, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Mkimbizi anayengoja uamuzi wa kesi yake anajua kwamba tarehe moja ikitofautiana na ya kwenye faili, ataulizwa.

Lakini hoja zote hizi zinapinga kuchapisha. Hazipingi kuandika. Daftari lililofungwa halimwaniki mtu. Na mambo mawili hayo yanapochanganyika, mwelekezi ndiye anayeyatenganisha: hili ni lako peke yako, hili msomee daktari, hili mwulize mama kwanza, hili lingoje kesi iishe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti; mwelekezi anayepiga picha kurasa zako na kuzituma kwa wenzake bila idhini amekuvunjia sheria pamoja na heshima.

Dai la sita: Ukiandika kwamba ulijaribu kujiua, utakamatwa.

Kwa miaka mingi hofu hii ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na wenzake. Anayelitumia dai hili leo kumnyamazisha mtu anamtisha kwa kifungu ambacho mahakama imekikataa.

Basi, anayetaka mwelekezi amuulize haya kabla ya kumkabidhi daftari: Nani atasoma? Nakala itabaki kwa nani? Nikibadili nia mwezi ujao, utafuta? Nikilemewa katikati ya kikao, utampigia nani? Asiye na jibu la swali hilo la mwisho usimwandikie hata ukurasa mmoja. Na anayehisi leo kwamba hawezi kuuvuka usiku aiweke kalamu chini, apige 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kwa walio salama, waacheni waandike. Mwelekezi mzuri hapimwi kwa wingi wa hadithi alizochapisha, bali kwa zile alizomshauri mwenyewe azihifadhi.