Kumchagulia Binti Mwalimu wa Mbio

Katika Plateau, karibu na mji wa Eldoret, mtu akitaka kununua mtamba hana haraka. Huuliza mama wa mtamba alikuwa akitoa maziwa kiasi gani kwa siku, na fahali aliyempanda alikuwa wa nani. Humtazama meno, humtembeza aone kama hachechemei, kisha huenda zake nyumbani kushauriana na mkewe. Aghalabu hurudi mara ya pili, naye safari hii huongozana na jirani mwenye ujuzi wa mifugo. Hapana amchekaye kwa hadhari hiyo. Lakini mtu huyo huyo akijiwa na kijana aliyevaa koti la michezo, mwenye saa ya kupimia mbio shingoni, akaambiwa, "Mzee, huyu binti yako ana mbio, nipe nimpeleke kambini, baada ya mwaka mmoja atakuwa Ulaya," humtoa mtoto wa miaka 15 kabla chai haijapoa kikombeni.

Nalilaumu jambo hili, wala sioni haya kulilaumu mbele yako wewe mwanafunzi. Pengine utasema kuwa maneno haya yangewafaa wazazi. La, yakufaa wewe. Katika nyumba nyingi za sehemu hizi wewe ndiwe usomaye karatasi zinazoletwa, na wewe ndiwe uulizwaye, "Imeandikwa nini hapa?" Ikiwa wewe ni msichana mwenye mbio, miguu inayozungumzwa ni yako. Ikiwa wewe ni mvulana, yamkini una dada, na haitapita miaka mingi utakuwa na binti.

Naijua asili ya haraka hiyo. Plateau imo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jirani yake ni Kaptagat, penye msitu na kambi ya wanariadha ambayo sifa zake zimeenea ulimwenguni. Mtoto wa huku huwaona mabingwa kwa macho yake wakipita barabarani alfajiri, naye akiwa njiani kupeleka maziwa. Tena husikia habari za fedha. Mwaka 2008 Pamela Jelimo, akiwa na miaka 18, alishinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Beijing, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani ya dhahabu katika michezo hiyo. Na mwaka uo huo akajipatia dola milioni 1 kwa kushinda mfululizo wa mashindano ya Golden League. Habari kama hiyo ikiingia kijijini, kila mwenye binti huota ndoto, na kila mwenye saa hujiita mwalimu.

Wako wasemao, "Huyu alikimbia mwenyewe, basi anajua kufunza." Hoja hii ni dhaifu. Mwaka 1976 alifika Iten, katika shule ya St Patrick's, mtawa mmoja wa Kiayalandi, Brother Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji wala hakuwa amesomea riadha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu aliyemtangulia, akatazama, akauliza, akaandika, akakosea na kujisahihisha. Na katika miaka iliyofuata wakatoka mikononi mwake David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 huko London mwaka 2012, na Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa masafa hayo hayo mwaka 2007. Upande wa pili yuko Patrick Sang wa Kaptagat, ambaye alikimbia kweli kweli: alipata nishani ya fedha ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Mmoja alikimbia, mwingine hakukimbia, na wote wawili ni walimu wakubwa. Basi nishani ya mwalimu isikufumbe macho, na kukosa nishani kusikufanye umdharau.

Kinachowaunganisha watu hawa ni subira. Mtazame Faith Kipyegon, ambaye Sang amekuwa mwalimu wake. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alikimbia bila viatu katika mbio za nyika za vijana za dunia huko Bydgoszcz, Poland, akawa wa 4. Mwaka uliofuata alizishinda. Lakini dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki aliipata mwaka 2016, akiwa na miaka 22, na rekodi ya dunia ya mita 1,500 hakuivunja mpaka mwaka 2023, alipokuwa na miaka 29. Katikati ya hayo, mwaka 2018, alijifungua mtoto wa kike, akapumzika, akarudi, akashinda Olimpiki nyingine mbili. Hesabu mwenyewe: tangu siku ile ya miguu mitupu hadi rekodi ni miaka 13. Sasa mlinganishe na yule kijana aliyeahidi Ulaya baada ya mwaka mmoja. Mwenye kuahidi mavuno kabla ya mvua hajawahi kulima.

Kwa nini haraka humdhuru msichana? Kwa sababu mwili wa miaka 15 bado wajengwa. Katika kambi ya Kaptagat watu wazima hufanya mazoezi ya kasi uwanjani siku ya Jumanne, hukimbia kilomita 30 au 40 siku ya Alhamisi, na Jumamosi hukimbia kwa kubadilisha mwendo, haraka kisha polepole. Ratiba hiyo ni ya watu walioizoea kwa miaka mingi. Mwalimu mvivu huichukua kama ilivyo, akamvika mtoto, kama baba amvishaye mwanawe koti lake na kumwambia akimbie nalo. Msichana aweza kustahimili msimu mmoja, pengine miwili, akashinda mashindano ya wilaya, watu wakampigia makofi mwalimu. Kisha mfupa wa mguu hupata ufa, na makofi huhamia kwa mtoto mwingine.

Na liko jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nami nitalitaja kwa kuwa kulificha kumewaumiza wengi. Msichana akimbiaye sana na kula kidogo aweza kukosa hedhi kwa miezi. Walimu wajinga hulifurahia jambo hili, husema ni dalili ya mazoezi kukolea. Si kweli. Ni dalili kwamba mwili umepungukiwa na chakula, na mifupa yake inadhoofika wakati ule ule ilipopaswa kujikusanyia nguvu za maisha yote. Mwalimu mwema ama analijua hili, ama anaye mwanamke kambini ambaye msichana aweza kumwambia bila hofu. Asiye na ujuzi huo wala mwanamke huyo hafai kukabidhiwa binti, hata kama ukuta wake umejaa picha za mabingwa.

Mwalimu mbaya kadhalika hujulikana kwa namna anavyoichukia shule. Husema shule inamchelewesha mtoto. Ukweli ni kwamba shule inamchelewesha yeye, kwa maana msichana aliye darasani ana walimu wengine, ana kalamu, ana watu watakaouliza yuko wapi asipoonekana. O'Connell alipoanza kambi za wasichana alizifanya wakati wa likizo, ili mtoto arudi darasani shule zikifunguliwa. Jaribio hili halina gharama. Mwambie mwalimu, "Binti atafanya mazoezi, lakini shule haachi," kisha utazame uso wake.

Nimebakiza lililo zito kuliko yote. Huku kwetu imekuwa desturi, tena desturi ya kutisha, kwamba mwalimu hugeuka kuwa mpenzi, mpenzi akawa mume, mume akawa mshika fedha, na shamba lililonunuliwa kwa jasho la msichana likaandikwa kwa jina lake yeye mwanamume. Watu huiona ndoa hiyo wakasema, "Ana bahati, mumewe anaijua kazi yake." Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, akiwa bado na miaka 19. Septemba mwaka 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe, ambaye aliwahi kumsimamia katika mazoezi, alishtakiwa kwa mauaji naye akakana shtaka. Hukumu ni ya mahakama, si yangu. Wanariadha wenzake walianzisha shirika waliloliita Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaoteswa, na hawakulianzisha kwa ajili ya mtu mmoja tu. Walijua hali ya wengi.

Sheria za Kenya haziko kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imekataza kumwoa mtu asiyetimiza miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 humwadhibu vikali amwingiliaye mtoto, awe amekubali au hakukubali. Mwalimu wa mbio hakuondolewa katika sheria hizo kwa sababu ya saa yake. Lakini sheria hufika polisi ikiwa imechelewa. Baba na mama wangefika mapema zaidi kama wangeuliza maswali siku ile ya kwanza.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba walimu wa kike ni wachache, na kwamba msichana akitaka kasi lazima akimbie na wanaume. Sikatai. Walimu niliowasifu hapo juu wote ni wanaume, wala sikusema wanaume wafukuzwe viwanjani. Nitaambiwa pia kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Hilo nalikataa kabisa. Maskini ndiye ampimaye mtamba kwa makini kuliko tajiri, kwa kuwa hana fedha za kununua mwingine. Binti naye hana wa kumfidia.

Basi kijana yule akija, mpeni chai, ni mgeni. Mwulizeni waliokuwa wanafunzi wake miaka 5 iliyopita wako wapi leo, na mwende kuwaona wale walioacha mbio, kwa maana washindi atawaleta mwenyewe. Karatasi yake isitiwe sahihi siku hiyo. Wewe uliyesoma uisome yote, utafute mahali palipoandikwa ni nani atakayepokea fedha, na kwa akaunti ya nani. Iwe akaunti ya binti, mzazi akiwa shahidi mpaka atimize miaka 18. Mwulizeni pia dawa na sindano zinatoka kwa nani, kwa kuwa kanuni za riadha humwadhibu kwanza mkimbiaji kwa chochote kitakachoonekana mwilini mwake, hata kama alikinywa kwa kumtii mwalimu. Halafu mama aende mwenyewe mpaka kambini, bila kutoa taarifa, siku ya kazi, jioni. Aombe kuonyeshwa chumba wanamolala wasichana, na autazame mlango kama hufungwa kwa ndani au kwa nje, na ufunguo unakaa kwa nani.